Paka wa Kazija

Siku ya tatu ya maonesho ya biashara ya Pazhou, Uchina, wakati wafanyabiashara wote wa Kitanzania pale mtaa wa Xiaobei wakiwa mbioni kwenda kuonana na wenye viwanda, Nahla alikuwa amepiga magoti bafuni akimwangalia paka.

Bwanyenye aliingia kwenye trei ya mchanga kwa mara ya saba asubuhi hiyo. Alichutama, akakaza mgongo, akatoa sauti nzito ambayo Nahla hakuwahi kuisikia kwake. Alipotoka, mchanga ulikuwa mkavu vilevile.

"Kaka Abdul! Paka hakojoi!"

Abdulwakil alikuwa mlangoni, kishavaa viatu, begi la sampuli begani. "Mpe maji. Saa nne nina miadi na laobani mwenye kiwanda kule Shiling, na maonesho hayanisubiri mimi."

"Si maji anayotaka. Mkojo anao, hautoki. Na keshatapika mara mbili."

Abdulwakil alisita. Kwa miaka miwili tangu mkewe afariki, hakuna aliyemwona akimgusa paka yule. Kazija ndiye aliyemwokota ngazini, hapohapo kwenye jengo lao la barabara ya Huanshi Zhonglu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Akamwita Bwanyenye kwa sababu siku ya kwanza tu alikataa makombo. Kazija alipoondoka duniani, Mama alimtuma Nahla kutoka Unguja aje kumwangalia kaka yake kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa miaka miwili. "Paka huyo wako sasa," Abdulwakil alimwambia siku aliyofika, na tangu hapo hakutaka kusikia habari zake.

Lakini sasa alivua begi, akaliweka chini.

"Leta boksi lake," alisema. "Na taulo."

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Bwanyenye aliliona boksi la plastiki likitolewa juu ya kabati, akatimua mbio. Wakati wa baridi ya kwanza ya Nahla hapo walikuwa wamempeleka kliniki moja ya jirani. Watu watatu walimgandamiza mezani, mmoja akimkaba ngozi ya shingo, mpaka akajinyea, akamng'ata msaidizi kidole. Waliambiwa wasimrudishe tena. Tangu siku hiyo, boksi lile kwake lilikuwa adui.

Alijichimbia chini ya kitanda cha Nahla, kwenye kona ya mwisho kabisa. Abdulwakil alichukua ufagio.

"Toka! Nshasema toka!"

"Kaka, usimchokonoe!"

"Sasa atatokaje? Kwa kubembelezwa?"

Nahla aliinama akachungulia. Paka alikuwa amefungua mdomo, ulimi nje, akihema kama mbwa. Kuna mtu aliyewahi kumwambia Nahla kwamba paka anayehema hivyo ameogopa kupita kiasi, na paka dume asiyeweza kukojoa hana siku mbili za kuishi. Jina la mtu huyo halikutajwa ndani ya nyumba ile kwa miezi minne.

Alichukua simu. Vidole vyake havikuhitaji kutafuta namba.

Iliita mara moja tu.

"Nahla?"

Sauti ileile. Alifumba macho. "Murshid. Bwanyenye hakojoi."

Upande wa pili hakuna aliyeuliza kwa nini leo, wala ulikuwa wapi. "Tangu lini?"

"Tangu jana jioni, nadhani. Anatapika. Analia."

"Usimbonyeze tumbo. Usimbonyeze kabisa, unasikia? Na hicho kishindo ni cha nini?"

"Kaka. Ana ufagio. Paka yuko chini ya kitanda, anahema mdomo wazi."

"Mwambie aache. Sasa hivi. Fungeni milango ya chumba, muwe kimya. Boksi lile linafunguka juu, bonyeza vile vishikizo vya pembeni uondoe kifuniko chote. Mimi natoka kliniki sasa hivi, nusu saa nimefika."

Nahla aliteremsha simu. "Kaka, weka ufagio chini."

Abdulwakil aligeuka. Mdogo wake hakuwahi kusema naye kwa sauti ile. "Unazungumza na nani?"

"Na daktari."

"Daktari gani?"

Abdulwakil alimtazama usoni, akajua.

* * *

Mwezi wa kumi na mbili Murshid alikuja kuposa. Alikuja na mzee mmoja wa jumuiya ya Watanzania, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi ameshika kofia kama mtu anayeingia kwenye mtihani. Alikuwa anamalizia masomo ya udaktari wa mifugo kwa ufadhili, kijana wa Kondoa mwenye maneno machache na mikono mitulivu. Abdulwakil alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada yangu simwozi daktari wa paka." Akamgeukia Nahla. "Wewe una neno?"

Nahla aliangalia chini. Murshid alingoja. Hakumtazama kaka, alimtazama yeye, muda mrefu, mpaka yule mzee akakohoa. Kisha akasimama, akasema, "Nimeelewa," akatoka.

Sasa alikuwa mlangoni tena, jasho usoni, shati limemganda mgongoni kwa unyevunyevu wa mwezi wa nne. Abdulwakil alisimama akiuziba mlango wote.

"Assalaam aleikum, kaka."

"Waaleikum salaam."

"Nimekuja kwa mgonjwa. Nikimaliza, naondoka."

Abdulwakil hakusogea mara moja. Chumbani paka alilia, mlio mrefu wa kukata tamaa. Akasogea.

Murshid alivua viatu, akapita karibu na Nahla bila kumwangalia. Nahla ndiye aliyemwangalia. Alikuwa amekonda. Pale kidoleni bado lilikuwepo kovu la kucha za Bwanyenye, la siku ile walipojuana, alipomkuta Nahla analia ngazini baada ya kufukuzwa kliniki.

Chumbani hakukimbilia kitanda. Alikaa sakafuni, akakipa kitanda mgongo, akazungumza taratibu kama mtu anayesimulia.

"Msimtazame machoni. Kwake kutazamwa ni kutishwa. Kaka, kaa chini tafadhali. Ukisimama wewe ni mnara."

Abdulwakil alikaa. Nahla alikaribia kucheka, na machozi yakawa karibu zaidi ya kicheko.

"Nipeni nguo yenye harufu anayoijua. Isiwe imefuliwa."

Nahla alimpa kanga yake aliyolalia. Murshid aliitandika kwenye ile nusu ya chini ya boksi, akaisogeza kidogo kidogo mpaka ukingoni mwa kitanda. Paka hakutikisika.

"Huwa analala wapi usiku?"

"Sebuleni," Nahla alisema. "Kwenye kochi."

Abdulwakil akasafisha koo.

"Halali sebuleni."

Wote wawili waligeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna kidevu.

"Anaingia kwangu ukishalala. Analala miguuni." Alinyanyuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na kikoi kilichokunjamana, kimejaa manyoya ya rangi ya chungwa. "Anapenda hiki. Alikuwa analala hivyo tangu... tangu zamani."

Nahla alimwangalia kaka yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka miwili ya "muondoe paka wako", na kila usiku mlango wake ulikuwa wazi!

"Basi kiweke wewe," Murshid alisema kwa upole. "Na umwite kama unavyomwita mkiwa wawili."

Abdulwakil aliitoa kanga, akatandika kikoi. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu. Aliinama, akaita.

"Bwanyenye. Njoo, baba. Njoo kwa baba. Hakuna mtu atakayekuumiza."

Walikaa. Dakika tano, kumi. Simu ya Abdulwakil ilitetemeka mfukoni, akaizima bila kuitazama. Murshid hakunyoosha mkono, hakuharakisha, ingawa Nahla aliona anavyotupia jicho saa yake na taya linavyokaza. Hatimaye pua ya rangi ya waridi ilichomoza. Paka alinusa kikoi. Akajivuta, tumbo likiburuta, akaingia kwenye ile nusu ya boksi, akajikunja.

"Usiseme kitu," Murshid alinong'ona. Alirudisha kifuniko polepole, kishikizo kimoja, kisha kingine, akalifunika boksi lote kwa kanga ya Nahla. "Asipoona, hofu inapungua. Siku nyingine ningempa dawa ya kumtuliza kabla ya safari, ila leo hatujui hali ya figo zake. Kaka, usimbebe kwa mkono wa juu, ataning'inia na kuyumba. Kumbatia boksi zima kifuani."

* * *

Kliniki ya akina Murshid ilikuwa ng'ambo ya mto, na foleni ya kuelekea Pazhou ilianza kabla hawajavuka. Magari ya wageni wa maonesho yalikuwa yamefunga barabara, na dereva wao alikuwa anapiga honi na kuongea na redio. Murshid, aliyekaa mbele, alimwambia neno kwa Kichina. Redio ikazimwa, honi zikakoma. Nahla alielewa maneno mawili tu: "kuna mgonjwa".

Nyuma, boksi lilikuwa magotini kwa Abdulwakil. Nahla aliinua macho na kukutana na macho ya Murshid kwenye kioo cha dereva. Hayakukwepa. Wala yake hayakukwepa. Ilikuwa kama miezi minne yote imejaa ndani ya kioo kile kidogo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kusema.

"Amenyamaza," Abdulwakil alisema ghafla. Sauti ilimpasuka. "Murshid, paka amenyamaza!"

Alikuwa amemwita Murshid kwa jina. Hakuwa amelitamka tangu Desemba.

"Usimfunue. Ingiza vidole viwili kwenye upenyo wa pembeni, taratibu. Unasikia joto? Unasikia anapumua?"

Abdulwakil alifumba macho. "Nasikia. Anapumua haraka."

"Endelea kumsemesha."

Mwanamume yule mwenye sauti ya kupigania bei aliinamia kanga ya dada yake, akaanza kumsomea paka Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini.

Kliniki ilikuwa na mbwa wanne mapokezini, mmoja akibweka. Murshid aliwapitisha mlango wa pembeni hadi chumba kidogo cha juu ambacho paka peke yao ndio huingia. Aliliweka boksi mezani, si sakafuni. Daktari Lin, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, aliingia bila kelele, akaondoa kifuniko tu na kumpima Bwanyenye akiwa palepale kwenye kikoi chake, kichwa kimefukiwa kwenye kifua cha Abdulwakil. Hakuna aliyemkaba shingo. Paka alitetemeka, akanguruma mara moja, basi.

Daktari alizungumza. Murshid alitafsiri bila kuficha. "Kibofu ni kigumu kama limau. Njia ya mkojo imeziba. Watampa nusu kaputi wapitishe mpira. Lakini sumu imeshaanza kupanda kwenye damu, na moyo wake... kaka, anaweza asiamke."

Abdulwakil aliendelea kumpapasa paka katikati ya masikio.

"Asipofanyiwa?"

"Atakufa leo au kesho, kwa maumivu."

"Basi wafanye. Bismillah."

* * *

Abdulwakil aliomba mahali pa kuswalia adhuhuri, akaonyeshwa chumba cha stoo mwisho wa ukumbi. Nahla alibaki kwenye benchi. Baada ya muda mlango wa upasuaji ulifunguka na Murshid akatoka, akivua glovu.

"Mbona umetoka?"

"Mimi bado mwanafunzi. Na leo mikono yangu haijatulia." Alikaa mwisho wa benchi. Kati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Asante kwa kuja."

"Nilikuja kwa paka."

"Najua."

"Hujui kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Nahla, Jumamosi ijayo narudi nyumbani. Nimepata kazi Morogoro."

Nahla alimgeukia. "Na usingenambia?"

"Ungejibu?"

"Murshid..."

"Siku ile nilisubiri neno moja. Hata 'subirini' lingenitosha. Kaka yako kunitukana sikujali, kaka ana haki ya kuuliza. Wewe ndiye uliyenimaliza."

"Hukuona nilichokuwa nakiona mimi!" Machozi yalimtoka. "Nilimkuta siku moja amekaa jikoni, ameshika kijiko cha Kazija, anaongea nacho. Ningesemaje mbele ya mtu kama yule kwamba nataka kuondoka?"

Murshid alipozungumza tena, ukali ulikuwa umekwisha, na hilo lilimuumiza Nahla zaidi.

"Mimi kumsubiri mnyama mwenye hofu najua. Nitakaa sakafuni kutwa, sitachoka. Lakini wewe si paka, Nahla. Wewe una mdomo."

Nahla hakupata nafasi ya kujibu. Abdulwakil alikuwa anakuja ukumbini, mikono ya shati bado imekunjwa kwa udhu, na wakati huohuo Daktari Lin alitoka. Wote watatu walisimama. Daktari alisema maneno machache. Murshid aliegemea ukuta.

"Mkojo umetoka," alisema. "Moyo unapiga. Atalazwa siku tatu, lakini yu hai."

Abdulwakil alikaa kwenye benchi. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Nahla alimshika bega. Dakika nzima ilipita kabla hajanyanyuka na kumpa Murshid mkono.

"Allah akulipe. Sitalisahau hili." Kisha akaukaza uso. "Lakini lile jambo jingine tusilichanganye na hili."

"Sijalitaja, kaka."

"Mimi nalitaja," Nahla alisema.

"Nahla, si hapa."

"Ni hapa. Siku ile uliniuliza kama nina neno, nikanyamaza. Tumefunzwa tangu wadogo, mwanamwali akiposwa akinyamaza, amekubali. Wewe kunyamaza kwangu ukakugeuza kuwa kukataa, kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Na mimi nikakuachia. Kosa, nusu ni lako, nusu ni langu. Leo nasema kwa mdomo. Namtaka."

Mishipa ilimsimama Abdulwakil shingoni. Msaidizi mmoja alipita na trei ya vyombo, akawatazama, akaharakisha.

"Unadhani nilimkataa kwa ajili ya paka?" Abdulwakil alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Nilitafuta la kusema, nikapata hilo. Atakupeleka Kondoa au sijui wapi. Na mimi ile nyumba nitaingia vipi jioni? Nani atanifungulia?"

Nahla aliumia. Alitamani kumkumbatia, kumwambia nitabaki, yaishe. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Aliyameza.

"Kaka, mimi siwezi kuwa Kazija."

Abdulwakil alipepesa macho mara mbili.

Nahla alichukua simu yake. Unguja ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi. Alipiga.

"Nahla?" Mama yao, Bi Shifa, aliitikia kwa wasiwasi. "Kuna nini? Mbona sauti hiyo?"

"Shikamoo Mama. Yule Murshid aliyekuja kuposa. Mliambiwa nimemkataa. Sikumkataa, Mama. Niliogopa. Namtaka, na anaondoka Jumamosi."

Upande wa pili ulisikika mlio wa kijiko kikiwekwa kwenye sahani. "Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, ananisikia."

"Mpe simu."

Abdulwakil aliipokea kama anapokea kaa la moto. Alitembea hatua tatu, akawapa mgongo.

"Shikamoo Mama... Ndiyo, ni kweli... Hapana, hakunijia kwa ubaya... Wa Kondoa, ndiyo... Anaswali..." Akanyamaza, anasikiliza. Nahla aliona shingo yake ikilegea kidogo kidogo. "Alikaa sakafuni, Mama. Paka wa Kazija alikuwa anakufa. Tulikaa naye karibu nusu saa, na hakumvuta hata ukucha. Mimi nilikuwa na ufagio." Alisikiliza tena, muda mrefu. "Najua, Mama. Najua. Nyumba tupu nitaizoea."

Aligeuka, simu ameibana kifuani. Macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama Murshid usoni. Alitazama ukosi wa shati lake.

"Mama anauliza baba yako anaitwa nani, na apigiwe saa ngapi."

Murshid alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Yule kijana mwenye mikono mitulivu akajikuta anaushikilia ukuta.

Nahla ndiye aliyesogea mbele, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka Unguja:

"Anaitwa Mzee Maulid Iddi. Mpigieni akishaswali alasiri."